Aliye Juu Mngoje Chini: Umbo la Masimulizi ya Mwanasoka Mstaafu katika Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili ina mashujaa wengi, lakini ni wachache miongoni mwao wanaoruhusiwa kuzeeka. Fumo Liyongo, katika utenzi uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba angali na nguvu zake, na hata akiwa maiti aliyepiga goti kisimani bado watu wanaogopa kumkaribia. Msimulizi hatakiwi kueleza Liyongo angekuwaje akiwa na miaka sitini, magoti yakiuma na upinde ukiwa mzito mkononi. Katika masimulizi ya Abagusii, Otenyo, aliyemchoma mkuki mtawala wa kikoloni G. A. S. Northcote mwaka 1908, naye hana uzee. Kitendo chake na kifo chake vimekaribiana mno hata havibakizi nafasi ya maisha mengine katikati.

Mwanasoka ni shujaa wa namna nyingine. Kitendo chake kinakoma akiwa na miaka thelathini na kidogo, na maisha yake yanaendelea kwa miaka thelathini au arobaini zaidi. Tendi hazina kielelezo cha kusimulia miaka hiyo. Kwa hiyo kila anayeisimulia, awe mwandishi wa gazeti, mtangazaji wa redio au shabiki katika mji wa Kisii, analazimika kuazima umbo mahali pengine. Makala haya yanachunguza umbo lililoazimwa, mahali lilikotoka, na gharama yake kwa wanaosimuliwa. Hoja ya msingi ni kwamba masimulizi ya mwanasoka mstaafu yameazima umbo la hekaya ya ibra, ambamo anayepanda lazima aanguke ili hadhira ipate funzo. Kwamba umbo hilo linageuza suala la kiuchumi kuwa suala la tabia. Na kwamba utamaduni wa Abagusii wenyewe una mpangilio mwingine wa maisha ya mwanamume ambao ungeweza kumsaidia msimulizi kuona kile ambacho ibra inakificha.

Data ya makala ni ya aina mbili. Kwanza ni maisha ya wanamichezo waliokwisha kufariki na ambao habari zao zimo katika kumbukumbu za umma. Wengine wao si wa Kisii wala Nyamira, na wawili kati yao ni wanariadha, lakini wanasaidia kuonyesha umbo linalojadiliwa. Pili ni lugha inayotumika kwa kawaida kuwazungumzia wachezaji wastaafu wa Gusii, hususan wale wa klabu ya Shabana. Wachezaji walio hai hawajadiliwi mmoja mmoja. Kinachohakikiwa ni masimulizi, si mwenendo wa mtu.

2.0 Msuko wa Ibra

Msuko wa masimulizi haya unajulikana kwa kila msomaji wa kurasa za michezo. Una hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kupaa: kijana wa kijijini anaanza kwa mpira wa makaratasi na nyuzi za migomba, anaonekana katika mashindano ya shule, anasajiliwa na klabu kubwa, anaitwa timu ya taifa, uwanja unalitaja jina lake. Hatua ya pili ni kuanguka, na huwa fupi kuliko zote: jeraha, au pombe, au marafiki wabaya, au yote matatu katika aya moja. Hatua ya tatu ni kilio: mwandishi anamkuta mhusika nyumbani kwake, anaeleza hali ya paa na viti, anaonyesha picha iliyofifia ukutani, kisha anaiomba serikali na wahisani waingilie kati.

Methali inayoubeba msuko huu ni aliye juu mngoje chini. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni onyo kwa aliye juu. Hata hivyo, kisarufi methali hii haimwambii kitu yeye. Amri iliyomo, mngoje, inaelekezwa kwa aliye chini. Ni hadhira inayopewa kazi, nayo ni kazi ya kusubiri. Masimulizi ya mwanasoka mstaafu yanaitimiza amri hiyo barabara. Shabiki aliyekuwa akitazama juu anaambiwa kwamba kungoja kwake hakukuwa bure. Yule aliyeshangiliwa sasa wanalingana, au yuko chini zaidi. Huruma iliyomo katika masimulizi haya ni ya kweli, lakini ndani yake mna faraja isiyotajwa.

Ufundi wa umbo hili unaonekana zaidi katika uchoraji wa mhusika. Mwanasoka wa ibra ni mhusika bapa. Katika hatua ya kwanza hana fikra wala hesabu za maisha; ana miguu tu. Katika hatua ya pili hana mazingira. Ana hulka tu, tena mbaya. Katika hatua ya tatu hana kauli, maana maneno yake huchujwa hadi yakabaki majuto. Ni nadra kumsikia akieleza jinsi bao lilivyotafutwa, kwa nini kocha fulani alimhamisha nafasi, au mkataba wake ulisema nini kama ulikuwapo. Kwa maneno mengine, ujuzi wake, ambao ndio uliompeleka msimulizi hadi mlangoni pake, haumo katika masimulizi.

3.0 Sarufi ya Wakati: "Kadenge na Mpira"

Tofauti kati ya mchezaji uwanjani na mchezaji mstaafu inaonekana kwanza katika sarufi. Katika historia ya soka ya Kenya hakuna kauli ya utangazaji iliyodumu kama "Kadenge na mpira", iliyotokana na matangazo ya mechi za Joe Kadenge, mshambuliaji wa Abaluhya FC, klabu ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards. Kauli hii haina kitenzi. Haikusemwa "Kadenge ana mpira", ambayo ingekuwa na kiambishi cha nafsi na kudokeza wakati uliopo. Imesemwa jina, kiunganishi, na jina. Kwa kuwa haina kitenzi, haina njeo, na kwa kuwa haina njeo, haiwezi kupitwa na wakati. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya Kadenge kuacha kucheza waliirithi wakaitumia hata kwa mambo yasiyohusu mpira. Ndani ya kauli hiyo Kadenge hajawahi kuachana na mpira.

Linganisha na neno ambalo magazeti huanza nalo yanapomtaja mchezaji mstaafu: aliyekuwa. Aliyekuwa mshambuliaji, aliyekuwa nahodha, aliyekuwa kipa. Neno moja linabeba nafsi, njeo iliyopita, urejeshi na kitenzi cha kuwa, na lote kwa jumla linasema kwamba kuwa kwenyewe kumekwisha. Baada ya neno hilo, kila kitenzi kinachofuata huwa katika kivuli cha -li-. Mtu aliye hai anaanza kuzungumziwa kwa sarufi inayokaribia ile ya marehemu.

Neno mstaafu nalo lina kejeli yake. Katika matumizi ya kawaida nchini Kenya, mstaafu ni mtumishi aliyefikia umri wa kuacha kazi na ambaye, angalau kwa kanuni, anastahili malipo ya uzeeni. Mwalimu ni mstaafu, karani wa wilaya ni mstaafu. Mwanasoka anapoitwa mstaafu anapewa cheo cha karani bila haki za karani. Msemo wa kuangika njumu nao hautoi nafuu. Unaifanya zana ya kazi kuwa pambo la ukutani, na mwenye zana kuwa mlinzi wa makumbusho yake mwenyewe.

4.0 Teksi na Benchi la Kocha

Joe Kadenge alifariki Julai 2019. Kabla ya hapo aliwahi kuifunza timu ya taifa, na kwa miaka mingi aliendesha teksi jijini Nairobi. Katika masimulizi mengi kumhusu, teksi ndiyo taswira kuu ya hatua ya pili na ya tatu. Inawekwa kando ya mabao yake ili tofauti kati ya viwili hivyo ijisemee: angalieni, mtu aliyelifanya taifa lisimame sasa anasubiri abiria.

Usomaji huo si wa pekee unaowezekana. Teksi ni kazi halali, na kwa mwanasoka wa kizazi chake, aliyecheza wakati ambapo soka haikuwa na mishahara ya kujengea maisha, ilikuwa kazi miongoni mwa kazi. Kizazi hicho kilicheza jioni na mwisho wa juma, na kikafanya kazi nyingine siku zote. Ukichukuliwa uhalisi huo, teksi haiji baada ya mpira kama adhabu; inaendeleza hali iliyokuwapo tangu awali, ila zamani ilifichwa na makelele ya uwanja. Kinachopaswa kumshangaza msomaji si kwamba Kadenge alifanya kazi ya kawaida uzeeni, bali kwamba taifa lilidhani aliwahi kuishi kwa kitu kingine.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba neno "baada" linategemea mahali anaposimama msimulizi. James Siang'a alikuwa kipa wa Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972. Baadaye akawa kocha, na mwaka 2003 aliifunza Simba ya Dar es Salaam ilipoitoa Zamalek ya Misri katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Alifariki mwaka 2016. Kwa msimulizi wa Nairobi, ukocha wa Siang'a ni kiambatisho cha maisha ya kipa. Kwa shabiki wa Simba, mambo yamepinduka: Siang'a anaanza pale ambapo Nairobi inamaliza, na miaka yake ya golini ndiyo utangulizi. Maisha ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kuweka kilele. Kama kilele kinaweza kuhamishwa kwa kuvuka mpaka mmoja, basi hakimo katika maisha yenyewe. Kimewekwa na msimulizi.

5.0 Omoisia, Omomura, Omogaka

Swali linalofuata ni kama Kisii na Nyamira, wilaya mbili zilizotenganishwa mwaka 1989 na ambazo leo ni kaunti mbili za jamii moja, zina namna nyingine ya kuiweka miaka ya baadaye. Jibu linapatikana katika istilahi ya Ekegusii ya hatua za maisha ya mwanamume. Mvulana ambaye hajatahiriwa ni omoisia. Akishatahiriwa ni omomura, na hatua hii ndiyo ya nguvu, ya ulinzi na ya ushujaa. Baadaye, akishakuwa na mji na watoto waliokua, anakuwa omogaka, mzee anayesikilizwa katika mashauri ya ardhi, mahari na ugomvi wa ukoo.

Kinachofaa kuzingatiwa ni mwelekeo wa mfululizo huu. Katika ibra, nguvu za mwili ndizo kilele, na kila kinachofuata ni mteremko. Katika mfululizo wa Ekegusii, omomura yuko katikati. Nguvu zake si mwisho wa safari, ni daraja. Anayezipoteza hajaanguka, amevuka. Ndiyo maana hadi leo neno omogaka hutumika kama anwani ya heshima mbele ya jina la mtu mzima, na hakuna anayelisikia kama neno la kusikitikia. Methali ya Kiswahili inayokaribiana na mtazamo huu ni jungu kuu halikosi ukoko. Ukilinganisha methali hii na ile ya aliye juu mngoje chini, unaona falsafa mbili zinazopingana. Moja inamngoja mtu aishiwe. Nyingine inamwendea kwa sababu inajua kuna kilichobaki.

Mwanasoka wa Gusii anaishi katika falsafa zote mbili kwa wakati mmoja. Gazetini yeye ni aliyekuwa. Kijijini kwake, kwenye harambee, kwenye kikao cha mahari au pembeni mwa kiwanja cha shule ambako vijana wanafanya mazoezi, anaweza kuwa omogaka. Mwandishi anayefika asubuhi na kuondoka jioni huandika paa la nyumba, kwa sababu paa linaonekana. Kikao cha wazee hakionekani siku hiyo, na hata kingeonekana hakina nafasi katika hatua tatu za ibra.

Lazima ikumbukwe pia kwamba mfululizo huu, kama zilivyo tendi, umeundwa kwa ajili ya wanaume. Mwanasoka wa kike wa Kisii au Nyamira akistaafu hana umbo la kuazima katika upande wowote. Hata ibra haimjui, kwa kuwa haikumpandisha juu ili ipate kumngoja chini.

6.0 Zizi la Nani?

Hata hivyo, kuishia hapo kungekuwa kuisifu mila kwa njia rahisi. Mhakiki anaweza kuuliza, na kwa haki, kama kumwita mchezaji maskini omogaka si namna nyingine tu ya kumfariji ili asidai chochote. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa kurejea katika msingi wa kiuchumi wa mfululizo wenyewe.

Kabla ya serikali ya kikoloni kuzivunja mwanzoni mwa karne ya 20, abamura waliishi katika ebisarate, kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi. Ulinzi huo ulikuwa na hatari, na ulikuwa na sifa. Lakini kulikuwa na jambo la tatu: ng'ombe waliolindwa ndio waliotumika kulipa mahari ambayo kwayo omomura angeoa na kujenga mji. Kijana alikuwa akilinda uzee wake mwenyewe. Kati ya ushujaa na maisha ya baadaye kulikuwa na ng'ombe, si wimbo tu. Heshima ya omogaka haikuelea hewani. Ilisimama juu ya zizi.

Sasa mtazame mchezaji wa Shabana. Klabu hii ilianzishwa mjini Kisii mwaka 1980 na ikachukua jina la biashara ya vifaa vya ujenzi iliyoifadhili. Katika miaka ya 1980 na 1990 iliwatoa wachezaji ambao majina yao bado yanatajwa, kama vile Henry Motego na Henry Nyandoro, walioichezea pia timu ya taifa. Mashabiki waliifuata Shabana kwa kilio chao cha Tore Bobe hata nje ya Gusii, na kwa wengi wao timu hii ilikuwa sauti ya jamii nzima mbele ya Gor Mahia na AFC Leopards. Kwa maana ya kifasihi, wachezaji hawa walikuwa abamura kamili: walisimama mpakani, wakalinda jina la watu wao.

Lakini zizi halikuwa lao. Sifa waliyoilinda ilikuwa ya jamii, jina lilikuwa la duka, mapato ya kiingilio yalikuwa ya wasimamizi wa soka, na mkataba, pale ulipokuwapo, haukuwa na malipo ya uzeeni. Wenzao waliochezea timu za mashirika, kama vile Kenya Breweries au Posta, angalau wangeweza kuajiriwa katika shirika lenyewe na kubaki na kazi baada ya mpira. Katika klabu ya mji, siku ambayo goti lilikataa ndiyo siku ambayo uhusiano ulikwisha. Mchezaji alipewa hatua ya omomura bila ng'ombe wa kumvusha kwenda ya pili.

Hapa ndipo mfululizo wa Ekegusii unapoacha kuwa faraja na kuwa chombo cha uhakiki. Ibra inauliza: alikosea wapi? Mfululizo huu unauliza: alikuwa akilinda zizi la nani, na sehemu yake ilikwenda wapi? Swali la kwanza linajibiwa kwa hulka. La pili haliwezi kujibiwa bila kutaja kiingilio, ufadhili, mikataba na michango ya NSSF ambayo haikukatwa.

Upo ushahidi mwingine kwamba ibra haitumiki kwa haki. Shabana yenyewe iliondoka katika ligi kuu, na ilirejea mwaka 2023 baada ya miaka 17. Katika miaka yote hiyo klabu ilikuwa, kwa kila kipimo, mstaafu aliyeanguka. Lakini haikusimuliwa kwa ibra. Kuanguka kwake kulizungumzwa kwa lugha ya ufadhili, uongozi na miundombinu, na kurejea kwake kulipokelewa kama haki iliyocheleweshwa. Hakuna aliyesema kwamba klabu iliponzwa na marafiki wabaya. Inapoanguka taasisi, msimulizi anatafuta sababu. Anapoanguka mchezaji wa taasisi hiyo hiyo, anatafuta kosa. Tofauti hiyo haitokani na ukweli wa mambo. Inatokana na umbo.

7.0 Dakika 29 na Miaka 30

Naftali Temu hakuwa mwanasoka, ila maisha yake yanaonyesha kwa takwimu kile ambacho masimulizi ya wanamichezo wa Gusii yanakiacha nje. Temu, mzaliwa wa eneo la mpakani mwa Nyamira na Sotik, alishinda mbio za mita 10,000 katika Olimpiki ya Mexico tarehe 13 Oktoba 1968 kwa dakika 29 na sekunde 27, akimshinda Mamo Wolde wa Ethiopia katika hatua za mwisho. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki. Aliacha mashindano mwaka 1973, alipewa shamba na serikali, na akafariki Machi 2003.

Kati ya 1973 na 2003 kuna miaka 30. Ni miaka ya shamba, ya familia, ya ugonjwa mwishoni. Katika maandishi mengi kumhusu, dakika 29 zinachukua kurasa na miaka 30 inachukua sentensi. Na jambo moja katika sentensi hiyo halipewi uzito wake: shamba. Kwa mujibu wa mfululizo uliojadiliwa hapo juu, shamba ndilo zizi. Ilikuwa ni taifa kukiri, ingawa kwa mtu mmoja na kwa uamuzi wa wakati mmoja, kwamba omomura hawezi kuwa omogaka kwa kupigiwa makofi. Msimulizi wa ibra hulipita shamba hilo haraka ili awahi kifo. Mwenzake wa Kisii, Nyantika Maiyoro, aliyekimbia katika Olimpiki za 1956 na 1960, alifariki mwaka 2019, karibu miaka 60 baada ya Roma. Kusimulia maisha ya namna hiyo kwa msuko wa kupaa na kuanguka ni kutupa sehemu kubwa ya maisha yenyewe.

Tarehe 20 Oktoba 2020, sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa Gusii mjini Kisii, uwanja ambao Shabana inauita nyumbani. Siku hiyo ilitokana na Katiba ya 2010, na mwaka 2014 ilipitishwa Sheria ya Mashujaa ili kuweka utaratibu wa kuwatambua wanaostahili. Ni hatua njema. Lakini mhakiki hana budi kuona kwamba neno shujaa linaingia katika sheria likiwa na mzigo wake wa kitendi. Shujaa hutambuliwa kwa kitendo, na kitendo kina tarehe moja. Chakula, matibabu na karo havina tarehe moja. Taifa linalomwazima Liyongo ili limtuze mwanasoka linaweza kujikuta likiishi kwa mantiki ya utenzi: kumpenda zaidi shujaa akiwa hayupo.

8.0 Wasifu kama Umbo Mbadala

Je, kuna umbo katika fasihi andishi ya Kiswahili linaloweza kubeba miaka hii? Lipo, na ni la siku nyingi. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad alichukua maisha ya msanii wa watu, mwanamke aliyetoka Fumba akiwa mtu wa hali ya chini, na kuyapa hadhi ya kuandikwa kitabu. Na alipoandika habari zake mwenyewe, aliziweka katika sehemu mbili, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Anwani ya sehemu ya pili inastahili kuzingatiwa na kila anayetaka kuandika juu ya mchezaji mstaafu. Neno "baada" halikuwekwa pale kama kilio. Limewekwa kama mlango wa sehemu ya pili ya kitabu, yenye mambo yake na uzito wake.

Wasifu una uwezo ambao ibra haina. Kwanza, unaheshimu mfululizo wa miaka, kwa hiyo haulazimiki kukiweka kilele mahali pamoja. Pili, unamtaka mwandishi aeleze riziki: mhusika aliishi kwa nini, alilipwa na nani, alidaiwa na nani. Tatu, unampa mhusika kauli, na kwa mwanasoka hilo lina maana ya kumpa nafasi ya kueleza ufundi wake kama fundi, si kama mwenye kutubu. Mchezaji wa miaka ya 1980 wa Kisii anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: jinsi timu ilivyosafiri, jinsi uwanja wa mteremko ulivyochezewa wakati wa mvua, jinsi mgao wa kiingilio ulivyofanywa chumbani baada ya mechi. Elimu hiyo ni sehemu ya historia ya kijamii ya Gusii, na inaondoka na wenye nayo.

Kazi hii ina lugha yake pia. Stesheni za Ekegusii kama Egesa FM na Minto FM zinasikika katika eneo hili, na wachezaji wengi wastaafu huenda wangesimulia kwa uhuru zaidi katika lugha hiyo. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangeweza kuanzia hapo: kurekodi kwa Ekegusii, kutafsiri kwa Kiswahili, na kuchunguza ni kwa kiasi gani mchezaji mwenyewe anaikubali au anaikataa ibra anapopewa muda wa kutosha wa kusema.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya mwanasoka mstaafu si kioo kisicho na rangi. Ni umbo lililoazimwa kutoka katika hekaya ya ibra kwa kuwa tendi hazikuacha kielelezo cha uzee. Umbo hilo linampa msomaji huruma na funzo, lakini linamtoza mchezaji bei kubwa: linamfanya yeye awe sababu ya hali ambayo kwa sehemu kubwa iliandaliwa na namna soka lilivyoendeshwa. Mfululizo wa omoisia, omomura na omogaka unalitoa suala hilo katika hulka na kulirudisha katika zizi. Na wasifu, umbo ambalo fasihi ya Kiswahili inalo tayari, unaweza kulibeba swali hilo hadi katika kitabu.

Hakuna kati ya hayo kinachomjengea mtu nyumba. Lakini jinsi mtu anavyosimuliwa huamua anachoweza kudai. Anayesimuliwa kama aliyeanguka anaweza kuomba msaada tu, na msaada hutolewa kwa hiari. Anayesimuliwa kama mlinzi aliyemaliza zamu yake katika zizi la watu ana neno jingine la kusema mbele ya wenye zizi, nalo ni ujira.